Garmin eTrex 22x mikononi mwa watafutaji: tathmini kwa ardhi ya Goma

Timu ya kumtafuta mtu aliyepotea inaporudi jioni kutoka kwenye lava nyuma ya Munigi, kaskazini ya Goma, na kusema "kule tumemaliza", mkuu wa utafutaji bado hana kitu. Walipita wapi hasa? Mtu na mtu waliachana mita ngapi? Yale mashimo ya upande wa kushoto waliyaangalia au waliyazunguka? Bila majibu hayo, kesho yake timu nyingine itatumwa palepale, na kipande ambacho hakuna aliyekikanyaga kitaendelea kuhesabiwa kuwa kimekaguliwa. Kwa hiyo GPS ya mkononi tunaipima kwanza kwa jambo moja: je, inarudisha kituoni njia halisi iliyopitwa? eTrex 22x inairudisha, na kwa uhakika kuliko simu nyingi. Ila inataka kuandaliwa, na maandalizi hayo ndiyo watu wengi wanayaruka.

Kifaa chenyewe kilitoka 2019, na bei yake Marekani wakati huo ilikuwa kama dola 200. Uzito ni gramu 142 pamoja na pili (betri) zake mbili za AA. Kioo ni kidogo, cha rangi, na kinasomeka vizuri juani. Kinapokea satelaiti za GPS na za GLONASS ya Urusi, kina hifadhi ya GB 8 na tundu la kadi ndogo ya kumbukumbu chini ya pili. Hakina kioo cha kugusa. Kila kitu kinafanywa kwa kijiti cha dole gumba na vitufe vya pembeni, na hilo ni jambo jema: mvua ikinyesha, au ukiwa na glavu za ngozi (juu ya lava ya Nyiragongo glavu si anasa), kioo cha simu hakikutii, kijiti kinatii. Menyu zinasomeka kwa Kifaransa. Kiswahili hakimo.

Ukikinunua kilicholetwa kutoka Ulaya, ramani iliyomo ni ya Ulaya, na Goma itaonekana kama doa tupu kando ya ziwa. Msirudishe dukani. Pakueni ramani ya Kongo iliyotengenezwa kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kwa muundo wa Garmin, muiweke kwenye folda ya Garmin. Ni bure. Na mara ya kwanza kukiwasha baada ya safari ndefu, kiacheni mahali peupe dakika kadhaa bila kukisogeza. Kinatafuta upya satelaiti ziko wapi. Anayekiwasha ndani ya gari na kuondoka mbio ndiye anayesema kifaa ni kibovu.

Sasa traki, yaani mstari wa njia iliyopitwa, ndiyo kazi yenyewe. Kifaa kinaweza kurekodi kwa kujiamulia, kwa muda au kwa umbali. Achaneni na kujiamulia: kinaruka pointi pale kinapodhani mnakwenda moja kwa moja, na kipindo kidogo cha kuzunguka shimo kinapotea. Kurekodi kwa muda kuna kasoro nyingine. Timu ikisimama dakika 20 kupumzika au kusikiliza, GPS haitulii. Inayumba mita kadhaa huku na huku, na kwenye ramani panatokea utando wa buibui. Utando huo unaongeza urefu wa njia ambayo hakuna aliyeitembea. Chagueni umbali, mita 10. Traki inayorekodiwa inabeba pointi 10,000, kwa hiyo kwa mita 10 mna kilomita 100, zaidi ya siku yoyote ya kutembea. Kwa sekunde 5 mngepata saa zisizofika 14. Na msihofu kupoteza saa za matukio: kila pointi inabeba muda wake hata ukirekodi kwa umbali.

Kabla ya kuondoka kituoni, futeni traki ya sasa. Msipofanya hivyo, safari ya pikipiki kutoka Birere hadi kituoni itaingia kwenye hesabu ya utafutaji. Mkirudi, ihifadhini mara moja kwa jina lenye timu, kipande na tarehe, kwa mfano T3-K07-14. Jina ambalo kifaa kinajitungia halimwambii kitu mtu wa ramani mwenye traki kumi mbele yake. Pointi nazo ni vivyo hivyo: kila kifaa kinaanza kuhesabu 001, 002, 003, na vifaa vitatu vikikusanywa usiku mtakuwa na 001 tatu, moja kandambili ya mtoto, moja njia panda, moja mahali pa chakula. Wekeni herufi ya timu mbele ya kila namba.

Katika mstari wa watafutaji si lazima kila mtu awe na GPS. Mbili zinatosha, moja kila mwisho wa mstari. Wa pembeni ndiye anayeshika mwelekeo. Wa katikati wanashika umbali kati yao na kuangalia chini, pembeni na nyuma. Nyuma ni muhimu. Mtu aliyelala nyuma ya jiwe haonekani na anayekuja, anaonekana na aliyekwisha kumpita. Hapa ndipo 22x inapostahili bei yake: mstari ukigeuka kurudi, aliyekuwa ukingoni anaweka traki yake kwenye ramani, anaikuza hadi mita 20 au 30, na kuifuata kama uzi. Bila hivyo, kwenye vichaka virefu vya lava ya zamani, mpito wa pili utalalia wa kwanza au utaacha ukanda katikati. Watu huona aibu kukiri kwamba waliacha ukanda. Traki haina aibu.

Tuonyeshe hesabu, maana wengi hawaijui na ndiyo inayoamua kesho watu waende wapi. Chukueni kipande cha mita 400 kwa 400, yaani mita za mraba 160,000. Watu 5 wanatembea wakiachana mita 20. Mpito mmoja unachukua mita 100, mipito 4 inafika mwisho. Kila mtu ametembea mita 1,600, wote pamoja 8,000. Tuseme kwenye vichaka vile upana wa mfagio, yaani ukanda ambao jicho la mtu mmoja linaufagia kweli, ni mita 12. Mita 8,000 mara 12 ni 96,000. Gawanyeni kwa 160,000: mnapata 0.6. Kwa kanuni inayotokana na kazi ya Bernard Koopman kwa jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, 0.6 maana yake ni kwamba, kama mtu yumo ndani ya kipande, uwezekano wa kuwa mmemwona ni kama asilimia 45. Kipande "kimemalizwa", na bado ni chini ya nusu! Mkirudia kwa juhudi ileile mnafika kama asilimia 70. Na ule utando wa buibui? Ukizidisha mita 8,000 hadi 10,000, mtaandika asilimia 53 ambazo hamkuzifanyia kazi, na mtahama mapema.

Upana wa mfagio hauandikwi kwa kukisia. Wekeni chini koti au mfuko uliojazwa majani, wenye ukubwa na rangi ya karibu na ya mtu anayetafutwa. Rudini nyuma mpaka kipotee machoni, sogeeni mpaka kionekane tena, pimeni. Fanyeni hivyo kutoka pande nane, kisha chukueni wastani. Wastani huo ndio mwanzo wa makadirio, na ni kipimo kizuri pia cha watu waachane vipi. Dakika 15 zinatosha, na GPS haisaidii hapo: kosa lake la mita 3 hadi 5 mahali peupe, na zaidi chini ya miti, ni kubwa mno kwa kupima mita 8. Tumieni kamba yenye mafundo.

Kosa linaloumiza zaidi haliko kwenye kifaa, liko kwenye kusoma namba zake redioni. Goma mjini ni karibu digrii 1, dakika 40.68 kusini, digrii 29, dakika 13.4 mashariki. Anayesikia "moja, arobaini, sitini na nane" akaandika 1.4068 amewatuma watu karibu kilomita 30 kaskazini, kwenye miteremko ya lava ya Nyamulagira ndani ya hifadhi ya Virunga. Kwa hiyo vifaa vyote viwekwe muundo mmoja, na mtu wa redio arudie namba neno kwa neno. Sisi tunapendelea UTM, mfumo wa miraba badala ya digrii, kwa sababu inasomwa kwa mita na umbali unaupata kwa kutoa tu. Goma ipo kanda 35, bendi ya M. Hapa napo pana mtego: wengine huandika "35S" wakimaanisha kusini, lakini S ni bendi pia, na iko huko Mediterania. Andikeni 35M. Msingi wa ramani uwe WGS 84. Ramani za karatasi za zamani zilichorwa kwa misingi mingine, na tofauti inaweza kufika mamia ya mita. Kabla ya kuzitumia, linganisheni njia panda moja inayojulikana.

22x haina dira ya ndani. Mshale wake unaonyesha upande sahihi mkiwa mnatembea. Mkisimama, unazubaa au unadanganya. Wauzaji watawasukuma kwenye 32x, ambayo ina dira na kipima hewa cha mwinuko. Kwa Goma hatuoni kama tofauti hiyo inalipa. Lava yetu ni basalti yenye madini ya chuma, na inavuta sindano yoyote ya sumaku, ya kifaa au ya mkononi. Nunueni dira ya kawaida ya bamba la plastiki kwa kila mwisho wa mstari, muishike juu usawa wa kifua, kamwe msiiweke juu ya jiwe, na mpime kwenda na kurudi kati ya pointi mbili. Vipimo viwili visipotofautiana kwa digrii 180, mahali hapo sumaku si ya kuaminiwa. Tembeeni kwa traki.

Kuna kipengele kimoja ambacho ni kama kilitengenezwa kwa ajili ya huku kwetu, na karibu hakuna anayekitumia: tahadhari ya ukaribu. Unaweka pointi na duara la mita fulani kuizunguka. Ukiingia ndani ya duara, kifaa kinalia. Kiwekeeni mazuku, yaani mabonde yanayojaa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ya ukaa ni nzito, inalala kwenye mabonde ya lava magharibi ya mji na kando ya ziwa kuelekea Sake. Haionekani na haina harufu ya kuonya. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, inajaa. Na mtoto mfupi anaizama pale ambapo mtu mzima aliyesimama bado anapumua. Waulizeni wakazi na watu wa OVG, kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, mabonde yapi ni mabaya, muyaweke yote kwenye vifaa vya timu zote kabla ya kutoka, kwa duara la mita 50, siyo 10, kwa sababu ya lile kosa la GPS. Na mkiona ndege au mbuzi aliyekufa shimoni, hata kama pembeni kuna mtu amelala, asishuke mtu bila kifaa cha kupumulia. Wanaomfuata majeruhi kwenye mazuku wanalala kando yake. Msitegemee mshumaa: unapozimika, hewa imekwisha kuharibika kwa mtu.

Tuje kwenye pili. Kiwanda kinasema saa 25. Kwa pili nzuri za alkali au za kuchajiwa za NiMH, siku nzima ya kazi inapita bila wasiwasi mwanga wa kioo ukiwa umepunguzwa. Kwa pili za bei ya chini za sokoni, hesabuni saa chache tu, na baridi ya usiku huku juu inazimaliza haraka zaidi. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kutaja aina ya pili; NiMH inatoa volti 1.2, na kifaa kikidhani ni alkali kitaonyesha imekaribia kuisha wakati bado. Kuunganisha kwenye benki ya umeme kunakiendesha kifaa, hakuzichaji pili zilizomo, kwa hiyo chaja ya pembeni inahitajika kituoni. Kila mwenye kifaa abebe pili 4 za akiba kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Mfuniko wa nyuma una mpira wa kuzuia maji: mchanga mmoja wa lava ukibaki pale, ile ahadi ya mita 1 ya maji kwa dakika 30 inakufa. Futeni kwa kidole kila mnapobadilisha. Kifaa hakielei. Kando ya Ziwa Kivu kifungeni kamba.

Saa ya GPS nayo ni zana. Vifaa vyote vinaonyesha sekunde ileile, basi timu zote zinaweza kupiga filimbi mara tatu kila robo saa kamili, kisha zote zikanyamaza dakika nzima, pikipiki zimezimwa, redio chini. Timu zikipiga ovyoovyo zinasikilizana zenyewe, na sauti dhaifu ya aliyepotea inazama. Hakikisheni tu ukanda wa saa: anayechagua Kinshasa yuko nyuma kwa saa moja, naye atapiga filimbi sawa na wengine, lakini daftari lake litavuruga kila kitu.

Kutoa data ndiko kunakochosha. Tundu ni la mini-USB, waya ambao simu za leo hazina. Nunueni nyaya tatu siku ileile mnayonunua kifaa, na kiunganishi cha OTG ili traki ihamie kwenye simu bila kompyuta. Kifaa kinafunguka kama diski. Faili za GPX zimo kwenye folda ya Garmin, ndani ya GPX, na traki ya sasa imo ndani ya Current. Zoezi hili lifanywe mchana, watu wakiwa na akili zao. Saa nne usiku, mama wa mtoto amekaa mlangoni, si wakati wa kujifunza folda.

Je, simu peke yake haitoshi? OsmAnd, programu ya ramani ya simu, inarekodi traki bila intaneti na ramani yake ni nzuri kuliko ya 22x. Kwa timu ya kwanza ya haraka, ile ya watu wawili au watatu wanaokimbilia njia, visima na nyumba za ndugu kabla mstari haujapangwa, simu inafaa kabisa, na kungoja kifaa ni kupoteza muda. Kasoro yake ni kwamba Android, ili kuokoa chaji, inaua programu iliyo nyuma ya kioo kilichozimwa, na mnagundua jioni kwamba traki ilikatika saa tatu asubuhi. Ondoeni OsmAnd kwenye uokoaji wa chaji, kisha jaribuni saa nzima. Kuna pia eTrex SE ya 2023: haina ramani, kioo ni cha rangi moja, lakini kiwanda kinahesabu saa 168 kwa pili zilezile mbili, tundu ni USB-C, na inazungumza na simu. Kwa kundi linaloanza kununua leo, tungeweka SE kwenye mwisho mmoja wa mstari na 22x kwenye ule unaohitaji kuona traki juu ya ramani.

Mjini, kifaa hiki hakina mengi ya kufanya, na tuseme wazi ili pesa zisipotee. Baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa 22 Mei 2021, UNICEF ilitangaza watoto zaidi ya 150 waliotenganishwa na familia zao na zaidi ya 170 waliohofiwa kuwa wamepotea. Wengi wa namna hiyo wanakuwa katika msafara wa watu, kuelekea Sake au kuvuka mpaka wa Rwanda, wakishikwa mkono na mtu wasiyemjua. Kinachowapata hao ni majina kwenye orodha, vituo vya kupokea watoto barabarani na watu wa Msalaba Mwekundu wanaolinganisha orodha na orodha. Mtoto wa miaka 4 aliyepotea Katindo au Ndosho anatafutwa kwa kuuliza: shefu wa avenyu, nyumba kumi, kanisa, msikiti, wamotari wa njia panda, wasukuma chukudu (baiskeli za mbao za mizigo). GPS hapo inaonyesha tu ni avenyu zipi zimekwisha kupitiwa na kipaza sauti.

Na kabla ya kifaa chochote kutoka mfukoni: shefu wa kartie na wenye ulinzi wa eneo wajue, kwa barua, nani anatembea wapi na saa ngapi, na barua hiyo itaje kifaa kwa jina. Kijana anayepita vichakani akitazama kidude chenye ramani anaweza kuchukuliwa kuwa mpelelezi. Vilevile, pale wakazi wanaposema kuna risasi au mabomu yaliyobaki, mstari hauingii. Pointi inawekwa, duara linawekwa, na eneo linaandikwa "halijakaguliwa".

Kwa timu ya watu 5, kifurushi chetu ni hiki: 22x mbili, au moja pamoja na SE, dira mbili za bamba, filimbi 5 za plastiki zisizo na kidonge ndani, kwa kuwa chenye kidonge kinaganda kwa mate na mvua, mikanda ya rangi roli 4 za kufunga kwenye vichaka mwisho wa kila mpito, kamba ya mita 20 yenye fundo kila mita, tochi ya kichwani kwa kila mtu, maana huku jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima na giza halibishi hodi, daftari na penseli, kwani kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyolowa.